Jedwali, Ngeli na "Mzazi": Historia ya Istilahi Chache za Kanzidata

Katika rasimu ya mwongozo mmoja wa takwimu za afya iliyopata kufika mezani pangu ili isanifiwe lugha, ilikuwamo sentensi hii: "Kabla ya kuingiza taarifa za mwezi, hakikisha kwamba kila kituo kina mzazi wake." Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Neno lenyewe ni la Kiswahili safi, wala hapana awezaye kumlaumu mtafsiri kwamba amekopa ovyo. Hata hivyo, hebu tumfikirie karani wa takwimu katika kituo cha afya cha Mlandizi, wilayani Kibaha, au cha Maneromango, wilayani Kisarawe. Kila siku hupitia vitabu vya MTUHA, na kimojawapo ni Kitabu cha 12, ambamo huandikwa akina mama waliojifungua. Wodi yao huitwa wodi ya wazazi. Kwa karani huyu mzazi ni mtu, tena mwenye jina na namba. Akiambiwa kwamba kila kituo sharti kiwe na mzazi wake, aweza kudhani kwamba kituo ambacho hakuna aliyejifungua mwezi huo hakipaswi kuleta taarifa.

Alichokusudia mwandishi wa asili ni jambo jingine kabisa. Katika kanzidata ya takwimu za afya kila kituo kimo chini ya ngazi fulani. Maneromango iko chini ya Wilaya ya Kisarawe, Kisarawe iko chini ya Mkoa wa Pwani, na Pwani iko chini ya Taifa. Ngazi iliyo juu ya nyingine Waingereza huiita "parent", na mtafsiri wetu akalifuata neno hilo kama lilivyo. Makala haya yana shabaha ya kueleza neno hilo, pamoja na mengine machache ya ukoo wake, yalitoka wapi na yalifikaje katika ofisi za wilaya zetu. Nimesadiki kwamba makosa mengi ya tafsiri katika uwanja huu hayatokani na umaskini wa msamiati wetu. Yanatokana na kutojua historia ya maneno tunayoyatafsiri.

Tuanze na mambo yaliyokuwapo kabla ya kompyuta. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulienezwa nchini katika miaka ya 1990. Vitabu vyake hujulikana zaidi kwa namba kuliko kwa majina: Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, cha 8 ni cha uzazi wa mpango. Kila ukurasa umepigwa mistari. Safuwima zina vichwa vyake, na kila mteja hupewa safumlalo moja. Mwisho wa mwezi safuwima hizo hujumlishwa, na jumla zikahamishiwa katika fomu ya taarifa inayopelekwa wilayani. Mama mmoja aweza kuandikwa katika Kitabu cha 6, kisha katika cha 12, na mwanawe akaandikwa katika cha 7. Kinachoyaunganisha maandishi hayo matatu ni namba iliyo katika kadi aliyopewa. Namba ikikosewa, uzi umekatika. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja amekwisha jua jedwali ni nini, na ufunguo wa jedwali ni nini, hata kama hajapata kuyasikia maneno hayo.

Nadharia ya jambo hilo iliandikwa mbali na hapa. Mwezi wa Juni 1970, E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba taarifa nyingi zinazotumiwa na watu wengi zihifadhiwe katika kile alichokiita "relation". Neno hilo alilitwaa katika hisabati. Huko maana yake si uhusiano wa jamaa na jamaa, wala wa kitabu na kitabu. Maana yake ni seti ya orodha za thamani zilizopangwa kwa utaratibu mmoja. Kwa maneno mengine, ni jedwali lenyewe. Jedwali moja lililo peke yake, lisilounganishwa na jingine lolote, ni "relation" kamili kwa maana ya Codd.

Hapa ndipo watafsiri wengi walipoteleza, na si Waswahili peke yao. Hata wanafunzi wa Ulaya na Marekani huamini kwamba kanzidata za aina hiyo zimepewa jina kwa sababu majedwali yake yana uhusiano. Sisi nasi tumeandika "kanzidata ya mahusiano" au "hifadhidata ya kiuhusiano", kisha katika ukurasa unaofuata tukatumia "uhusiano" huo huo kwa maana ya kiungo kati ya jedwali na jedwali. Msomaji anapata neno moja kwa vitu viwili, tena vitu ambavyo kazi yake inamtaka avitofautishe. Rai yangu ni kwamba katika miongozo ya kazi tuseme "kanzidata ya majedwali", na neno "uhusiano" tuliache lifanye kazi yake ya kawaida.

Sasa tuhamie kwenye neno la pili, ambalo lilizaliwa Oslo, mji mkuu wa Norwei. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norwei walikuwa wakitunga lugha ya kuiga mwenendo wa mambo ya dunia kwa kompyuta, kama foleni za watu wanaosubiri huduma au mizigo inayopita bandarini. Lugha hiyo waliiita Simula. Walipokuwa wakiitengeneza upya walikutana na fikra za C. A. R. Hoare, Mwingereza aliyependekeza katikati ya miaka hiyo kwamba rekodi zenye umbo moja zikusanywe katika kundi moja, akaliita kundi hilo "record class". Dahl na Nygaard waliichukua fikra hiyo na kuikuza. Rekodi yao haikuwa tena maandishi yaliyolala, bali kitu chenye taarifa zake na matendo yake. Mwaka 1967, katika mkutano uliofanyika Lysebu karibu na Oslo, waliileta mbele ya wataalamu wenzao lugha ya Simula 67, na ndani yake neno "class" likiwa limesimama peke yake.

Ndugu msomaji aone jambo hili vizuri. Asili ya "class" katika kompyuta ni kundi la rekodi zenye umbo moja. Si chumba cha wanafunzi, wala si daraja la watu katika jamii. Lakini katika maandishi yetu nimekuta "darasa", nimekuta "tabaka", na nimekuta "klasi". Neno "darasa" linamrudisha msomaji shuleni. "Tabaka" lina mzigo mzito zaidi. Kwa wale waliosoma siasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka huo huo wa 1967, tabaka ni wanyonyaji na wanyonywaji, na sentensi isemayo "tabaka la wagonjwa linarithi kutoka tabaka la watu" yaweza kumtia mtu katika mjadala usiotarajiwa. "Klasi" haina madhara, ila haielezi kitu.

Lugha yetu inalo neno ambalo wanaisimu wamelitumia kwa miaka mingi kwa dhana iliyo karibu kabisa na hii. Neno hilo ni "ngeli". Lilichukuliwa kutoka Kihaya, ambako maana yake ni aina ya kitu, likawa istilahi ya sarufi ya Kiswahili. Kila nomino ina ngeli yake, na ngeli ndiyo inayoamua nomino hiyo itapatanaje na maneno mengine: kitabu kimeanguka, mti umeanguka. Vivyo hivyo katika programu: ukijua kitu ni cha ngeli gani, umejua kina taarifa zipi na kinaweza kufanya nini. Kuna mwalimu mmoja aliyepata kuniambia kwamba neno hili ni la sarufi na liachwe huko. Nilimjibu kwamba Waingereza nao hutumia "class" kwa ngeli za nomino, kwa wanafunzi na kwa jamii, na hawajachanganyikiwa. Maneno husafiri. La kuangaliwa ni kama yamesafiri pamoja na maana yake au yameiacha njiani.

Tena kuna ushahidi wa historia ambao sikuufahamu nilipoanza kulipendekeza neno hili, nami niliufurahia sana nilipoukuta. Katika Simula 67, mtunga programu alipotaka kujenga ngeli mpya juu ya ngeli iliyokwisha kuwapo, aliliandika jina la ile ya zamani mbele ya tamko la ile mpya. Dahl na Nygaard hawakuuita utaratibu huo urithi. Waliuita "prefix", yaani kiambishi awali. Neno la Kiingereza la urithi lilikuja kuenea baadaye, kwa lugha nyingine. Kwa hiyo waasisi wenyewe, bila ya kujua Kiswahili, walikuwa wamechagua picha ya sarufi: ngeli hutambulishwa kwa kiambishi kinachotangulia. Sisemi kwamba tuliache neno "urithi", kwa kuwa limekwisha zoeleka. Nasema tu kwamba kwetu urithi hufuata kifo, na katika programu ngeli ya juu haifi. Mtafsiri afahamu hivyo kabla hajaanza kuandika habari za "marehemu".

Je, neno la Oslo lilikutanaje na jedwali la California katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ya Kisarawe? Norwei haikuwa ngeni katika Mkoa wa Pwani. Kibaha ilijengwa kwa sehemu kubwa na mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Norwei ikiwamo, ulioanza mwaka 1963 ukiwa na shule, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na Hospitali ya Tumbi imetokana na kituo kile cha afya. Hayo hayana uhusiano wa moja kwa moja na kompyuta, nami nayataja kwa kupita tu. Njia halisi ilipitia Afrika ya Kusini.

Katikati ya miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka, wanaharakati wa afya wa Afrika ya Kusini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walianzisha mpango wa mifumo ya habari za afya, ujulikanao kwa ufupisho HISP. Watafiti hao walikuwa warithi wa fikra nyingine ya Nygaard. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norwei, akishikilia kwamba mtumiaji wa mtambo ana haki ya kuuelewa na kushiriki katika kuubuni. Programu ya kwanza ya HISP, iliyoitwa DHIS, ilijengwa juu ya Microsoft Access. Hiyo ilikuwa majedwali matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijiunga na mtandao huo, na kazi ikaanza katika baadhi ya wilaya zetu.

Mwaka 2004 wataalamu wa Oslo walianza kuiandika programu hiyo upya kwa lugha ya Java, ambayo ni kizazi cha mbali cha Simula, na kila jambo ndani yake likaandikwa kwa ngeli. Toleo hilo la pili, DHIS2, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania ilikuwa imezifikia wilaya zote ilipotimia mwisho wa 2013, na Mkoa wa Pwani ulikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo pa majaribio.

Programu iliandikwa kwa ngeli, lakini takwimu zenyewe ziliendelea kuhifadhiwa katika majedwali, maana hakuna chombo kilichokwisha kupatikana kilichozidi jedwali kwa kutunza na kujumlisha. Ikalazimu pawepo mkalimani kati ya pande mbili. Kwa DHIS2 mkalimani huyo alikuwa Hibernate, programu iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Kazi yake ni kusoma majalada madogo ambamo imeandikwa kwamba ngeli fulani ni jedwali fulani, taarifa hii ya kitu ni safuwima ile, na kwamba kitu hiki hukifikia kile kwa kupitia ufunguo fulani. Kazi hiyo Waingereza huiita "mapping", na nimekwisha kuona tafsiri isemayo "kuchora ramani ya majedwali". Ramani haimo hapa. Neno la kufaa ni "uoanishaji", kwa kuwa ndivyo ilivyo: upande huu unaoanishwa na upande ule.

Uoanishaji huo si rahisi kama unavyosikika. Chukua ngazi za vituo tulizoanza nazo. Katika jedwali la vituo, kila safumlalo ina safuwima moja ya kuonyesha namba ya ngazi iliyo juu yake. Maneromango inaitaja Kisarawe. Lakini safumlalo ya Kisarawe haina orodha ya vituo vyake, wala haiijui Maneromango. Ukitaka kujua vituo vya Kisarawe, huna budi kupitia jedwali zima na kuokota kila safumlalo inayoitaja. Kwa upande wa ngeli mambo ni kinyume. Kitu kiitwacho Kisarawe hubeba mkononi orodha ya vituo vyake vyote, na kila kituo nacho huielekeza Kisarawe. Jambo moja limeandikwa mara mbili, na pande mbili zikipingana hapana budi uamuliwe upi ndio wa kusadikiwa. Mwandishi wa uoanishaji ndiye anayetangaza uamuzi huo, na kwa kawaida huupa upande wa kituo, kwa kuwa ndio wenye safuwima.

Mtumishi wa serikali ataifahamu hali hii upesi. Katika jalada la mtumishi imeandikwa idara yake; katika jalada la idara huenda ipo orodha ya watumishi. Mtumishi akihamishwa na jalada moja tu likasahihishwa, mshahara hutoka mahali pasipostahili.

Hali ya Kibaha inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Kibaha ina halmashauri mbili, ile ya mjini na ile ya wilaya yenye makao Mlandizi. Tumbi iko mjini. Mtu akiandika ngazi ya juu ya kituo bila ya kuangalia ni Kibaha ipi, takwimu za kituo hicho zitajumlishwa katika halmashauri isiyokuwa yake, na hakuna hesabu itakayoonyesha kosa, maana jumla ya mkoa itabaki ile ile. Kwa sababu hiyo sikuweza kuliacha neno "mzazi" katika mwongozo ule. Karani anayejaza nafasi hiyo anahitaji kuelewa anaulizwa nini.

Kuna mfano mwingine wa DHIS2 ambao napenda kuwapa watafsiri wanaoanza kazi. Jedwali kuu la programu hiyo huhifadhi kila tarakimu katika safumlalo yake. Fomu moja ya MTUHA iliyojaa tarakimu huvunjwa ikawa safumlalo nyingi nyembamba, kila moja ikisema: kipengele cha takwimu ni hiki, kipindi ni hiki, mgawanyo wa umri na jinsi ni huu, thamani ni hii. Na kituo? Safuwima ya kituo haikuitwa kituo. Iliitwa "sourceid", namba ya chanzo. Mtafsiri asiyejua historia ataandika "chanzo cha habari", na msomaji atadhani anatakiwa ataje kitabu au mtu aliyetoa habari hizo. Kumbe hapo mwanzo watunga programu walikuwa wameweka ngeli ya jumla iliyoitwa chanzo, wakakusudia kwamba siku moja takwimu zingeweza kutoka kwa kitu kisichokuwa kituo. Ngeli ya vituo ikajengwa juu yake, na majedwali yakaoanishwa hivyo. Baadaye ngeli ya chanzo ilionekana haina kazi, ikaondolewa. Jina la safuwima likabaki kwa miaka mingi kama jina la mtaa ambao mwenye shamba lake alikwisha hama.

Juu ya ufunguo nina machache. Safuwima inayoitambulisha safumlalo imeitwa "ufunguo msingi", na neno hilo linafaa. Ile inayotaja safumlalo ya jedwali jingine imeitwa "ufunguo wa kigeni", neno linaloashiria kitu kilichotoka ng'ambo. Ningependelea "ufunguo rejea", kwa sababu kazi yake ni kumrejesha msomaji kwenye jedwali jingine, kama ile namba ya kadi inavyomrejesha mkunga kutoka Kitabu cha 12 hadi Kitabu cha 6. Wenye neno bora zaidi walilete.

Ama "mzazi" na "mwana", yanaweza kubaki katika vitabu vya kufundishia utunzi wa programu, ambako hakuna wodi karibu. Katika mwongozo wa watumishi wa afya nimeyaondoa yote mawili. Sentensi ya rasimu ile sasa inasomeka hivi: "Kabla ya kuingiza taarifa za mwezi, hakikisha kwamba kila kituo kimeandikiwa halmashauri iliyo juu yake, kwa vituo vya Kibaha, angalia kama ni ya mjini au ya wilaya."